Mzee Aliyetafuta Maji Kwenye Sayari za Sinema

Filamu mbaya niliijua kwa kumtazama mzee mmoja mdomo. Mzee huyu alikuwa na mswaki wa mti ambao alasiri ya Ijumaa hautoki mdomoni mpaka adhana ya magharibi, na mimi nilijifunza kuusoma. Ukienda mbio, filamu inamchosha. Ukitolewa na kushikwa mkononi, kuna mtu kwenye kioo amefanya upumbavu na hukumu iko njiani. Ukisimama palepale katikati ya meno, umetulia kabisa, basi pana kitu, na usithubutu kukohoa. Katika miaka tisa niliyokaa naye mbele ya televisheni mswaki ule ulisimama mara nne tu, na mara ya nne televisheni yenyewe ilikuwa imezimwa.

Sitamtaja jina. Mtaani kwetu Garissa walimwita mzee wa sahan, na hilo linatosha, kwa sababu sahan ndiyo iliyokuwa kazi yake na ndiyo iliyomfanya awe vile alivyokuwa. Kwa Wasomali wafugaji, jamaa hawahami na mifugo kwa kubahatisha. Hutumwa mtu mmoja atangulie, aende siku tatu, siku tano, akaangalie kama kuna maji na majani, kisha arudi aseme. Huyo anayetangulia, na kule kutangulia kwenyewe, ndiyo sahan. Akisema kuna maji, hema zinafunguliwa na watoto wanapakiwa juu ya ngamia. Akikosea, watu wanakufa. Mzee huyu aliifanya kazi hiyo tangu ujana wake mpaka ngamia wao walipokwisha kwa ukame, ndipo akaja kukaa mjini kwenye nyumba ya mabati, ng'ambo ya barabara kutoka dukani kwangu.

Mimi ni fundi wa televisheni na madishi, mtu wa kuja, kwetu Mwingi. Pamoja na ufundi huwajazia watu filamu kwenye flashi, na nje ya duka nina ubao ninaoandika kwa chaki vitu vipya vilivyoingia. Siku ya kwanza mzee alipokuja alikuwa bado ana vumbi la barabara ya Habaswein. Alikuwa amekwenda huko kuhani msiba, na hotelini, akisubiri gari, akaona kwenye televisheni tangazo la filamu inayokuja. Dunia ya watu imekauka, wameingia ndani ya chombo cha chuma, na mmoja wao anatangulizwa kwenye nyota ya mbali. Mzee aliacha chai yake mezani akapanda gari.

"Fundi," aliniambia, bila salamu ndefu za kwao, jambo ambalo baadaye nilijua si kawaida yake hata kidogo, "kuna bicha moja. Watu nchi yao imekauka, wametuma sahan juu kwa nyota. Nataka hiyo."

Kwa lafudhi yake P hutoka kama B na V kama F, kwa hiyo bicha ni picha. Nikamwambia haijatoka, itachukua kama miezi minne. Alihesabu kwa vidole, akasema, "Baada ya mfua," akaondoka. Kila Ijumaa alirudi kuuliza. Filamu ilipofika hatimaye niliivusha barabara mwenyewe, maana nilikuwa nimeanza kuisubiri pamoja naye. Nilimkuta ameoga, amevaa kanzu nyeupe, ndevu amezipaka hina upya, na mkewe amefukiza ubani sebuleni kama kuna mgeni wa heshima. Basi yule sahan wa kwenye filamu alifika kwenye nyota yake dakika ya kumi, akatoa bunduki, akapiga risasi mpaka filamu ikaisha.

Mzee aliangalia yote, hata yale majina yanayopita mwishoni. Kisha akautoa mswaki.

"Sahan habigi fita," akasema. "Sahan akikufa kwa fita, nani atarudi kusema maji iko wabi?"

Mimi nilicheka. Yeye hakucheka. Nilimwona mtu mzima ameumia kweli kwa ajili ya filamu, na nikajisikia vibaya utadhani niliipiga mimi.

Hapo ndipo mazoea yetu yalipoanza, na swali lile la maji sikulisahau tena. Aliliuliza kila filamu. Mnaweza kumwonyesha majumba yanayoelea na majeshi ya vyuma, yeye atasubiri kwa adabu, halafu atauliza, "Maji iko wabi?" Kama hakuna jibu, filamu imekwisha kwake, hata ikiwa imebaki saa nzima. Makosa ya hawa wasafiri wa nyota aliyajua kwa moyo. Wanatua nchi ya watu na kutoka wote kwa pamoja, hakuna anayebaki kulinda kambi. Mmoja anavua kofia kabla ya kunusa. Mwingine anaokota mtoto wa mnyama asiyemjua, na mama yake hajulikani alipo.

"Hakuna hata mmoja anaangalia mafi," aliniambia siku moja kwa uchungu wa kweli. "Mafi ya mnyama inasema kila kitu. Anakula nini, anakunywa wabi, alibita lini. Hawa wamesoma mbaka wamefika juu, na hawajui kuinama."

Siku nyingine kulikuwa na chombo kilichobeba watu waliolala usingizi wa miaka mia. Akaniuliza kama kuna mbuzi ndani. Nikasema sijaona mbuzi. "Miaka mia bila mbuzi," akasema, akatikisa kichwa. Halafu akataka kujua watu wale wakiamka wataelekea wapi wakisali, na kwa nini katika filamu zote hizi hajaona hata mtu mmoja anayeulizia kibla. Nilimwambia labda hawasali. Akasema mtu akiwa mbali namna ile na kwao atasali tu, hata kama alikuwa mvivu.

Lakini kilichomkera zaidi ya filamu mbaya ni kelele za kabla ya filamu. Tangazo kwake halikuwa tangazo. Lilikuwa ripoti ya sahan, na aliyelitoa alipaswa kuwa amefika. Wanafunzi wa chuo walikuwa wakija dukani wakisifu mfululizo fulani ambao haujatoka, "Budaa, hiyo ni noma, mtandao wote unaongea," naye alikuwa akiwasikiliza kwa makini kabisa, kisha anauliza, "Mmeona ama mmesikia?" Wakisema wamesikia, anawasalimia upya kana kwamba ndio kwanza wameingia na hawajasema lolote.

Hata mimi hakuniacha. Ubao wangu ulikuwa umeandikwa MPYA NA KALI. Alisimama mbele yake akasoma taratibu, maana kusoma alijifunza ukubwani kwenye darasa la watu wazima, na alijivunia kila herufi.

"Hii kali, umeona wewe?"

"Watu wanasema, adeer."

Adeer ni baba mdogo kwa Kisomali, na kijana humwita hivyo mzee yeyote anayemheshimu. Heshima yangu haikunisaidia. Alichukua ncha ya mkono wa koti lake akafuta KALI, akaacha MPYA. "Hii ni kweli," akasema. "Hiyo ingine hujui." Tangu siku hiyo ubao wangu umekuwa ukisema MPYA basi, na nikiri kwamba mara ya kwanza nilikasirika, nikamwona mzee mwenye kuingilia mambo ya watu.

Msidhani alikuwa mtakatifu wa kusema kweli kila saa. Mkewe alimkataza sukari, naye alikuwa akiapa, "Wallahi kijiko kimoja," huku mimi niliyekaa kando yake nimehesabu vinne. Ikifika sehemu ya mapenzi kwenye kioo aliniamuru nisukume mbele, akafunika uso kwa kiganja, kisha baada ya muda akauliza kupitia vidole, "Wameoana?" Na alikuwa mkali wa kudharau kitu ambacho usiku mzima kilimnyima usingizi. Kulikuwa na filamu moja, takataka kwa neno lake mwenyewe, ambamo mashine yenye miguu minne inaachwa kwenye sayari kulinda kisima. Watu wanaruka na chombo chao, mashine inabaki imesimama penye kisima kilichokauka, inawasubiri. Mswaki ulisimama. Aliitukana filamu ile mpaka mlangoni. Ijumaa iliyofuata, kabla hata sijakaa, akaniuliza kama kuna mtu aliyerudi kuichukua mashine. Nikasema hakuna. Alisema watu wale wangekuwa wa kwao wangelipishwa ngamia.

Hiyo ilikuwa mara ya pili. Ya kwanza ilikuwa filamu ya bei rahisi ambayo hakuna aliyeitangaza, nimeijaza kwenye flashi yake ili nafasi isibaki. Ndani yake mtu anatua peke yake mahali pageni, anachuchumaa, anachukua udongo, anaunusa, anauweka ulimini. Redioni wenzake wanamuuliza kumekuwaje. Hajibu. Anazima redio, anasema atajibu akishalala na kuamka. Filamu iliyobaki ilikuwa ovyo, lakini sehemu ile mzee aliniambia niirudishe mara tatu. Aliiita dakika. Akaniambia filamu nzima ya kweli haitapatikana, lakini dakika zipo, mtu akiwa na subira.

Niliwahi kumuuliza kwa nini anajitesa. Aliangalia nje, kwenye miti ya mathenge iliyoota kando ya ukuta.

"Siku hizi nani anatuma sahan?" akasema. "Watu wanabiga simu Bura, wanabiga simu Liboi. Kumenyesha? Kumenyesha. Lori inakuja, mbuzi inabanda. Sahan imebaki kwa bicha beke yake. Na huko bia wanaifanya fibaya."

Nilimwelewa siku ile. Alikuwa akitafuta kazi yake ikifanywa sawasawa na mtu mwingine, mahali popote, hata kwenye nyota za kubuni, kabla hajafa.

Kisha macho yakaanza kumwacha. Ilikuwa mwaka wa tano wa mazoea yetu. Alikuwa akijigonga kwenye miimo ya mlango na kulaumu mlango. Daktari alimwambia ni presha ya macho, kwamba kuona kulikokwisha kuondoka hakurudi, na matone atakayopewa ni ya kuchelewesha tu. Mzee aliuliza kama televisheni ndiyo inayoyamaliza. Daktari akasema hapana, yatakwisha kwa wakati wake, uangalie usiangalie. Kwa mzee hilo lilikuwa mamoja. Alirudi nyumbani akatangaza kwamba macho yaliyobaki hayatatumika ovyo: Ijumaa moja, kitu kimoja, alasiri mpaka magharibi, na hakianzi kabla ya kuwa kimeonwa kwanza na mtu anayeaminika.

Mtu huyo alikuwa mimi. Alinivusha barabara kwa kunishika mkono, akanikalisha kwenye mkeka, akanifundisha.

Kwao, alisema, sahan akirudi haulizwi kitu. Anakaa, anapewa maziwa ya ngamia, na wote wanangoja mpaka kikombe kiwe tupu, ili asiseme kwa kiu. Kisha anasema kwa mpango: njia, maji, majani, watu, maradhi. Akimaliza yote, anaulizwa swali la mwisho. "Ile hukuona?" Hapo anataja kilima ambacho hakupanda, kisima ambacho hakufungua. "Hiyo ndiyo kubwa," mzee alisema. "Ile umeona, hata mjinga anasema. Ile hukuona, inataka mwanamume."

Kwa hiyo kila Alhamisi nikaangalia filamu ya kesho yake, na kila Ijumaa mkewe, mama mpole mwenye maneno machache, akaniwekea kikombe cha maziwa ya ngamia, na nikishayanywa natoa ripoti. Njia: inaanza polepole. Maji: dakika ya ishirini wanachimba. Watu: kelele nyingi. Maradhi: kuna mapenzi mara mbili. Ile sikuona: sikuielewa lugha ya wale wa kijani, maandishi ya chini yalikuwa madogo. Mtu akipita nje angetucheka, lakini mimi nilikuwa sijawahi kuaminiwa hivyo na mtu yeyote, na nasema wazi kwamba nilikipenda kile kikombe.

Ndiyo maana ninaona haya kusema nilichofanya.

Ulitoka mfululizo wa sehemu nane ambao ulikuwa umepigiwa ngoma mwaka mzima. Picha zake zilikuwa kila mahali, wanafunzi hawakuwa na neno lingine. Ulihusu msichana aliyetumwa peke yake kwenye sayari yenye majua mawili, akapime kama watu wake wanaweza kuhamia. Niliangalia sehemu ya kwanza nikaisimamisha. Nilikuwa na televisheni za watu za kutengeneza, madishi ya kupandisha, Alhamisi ikanikuta niko sehemu ya sita. Na zile sita zilikuwa nzuri kweli. Msichana alionja maji na kuyatema, akasubiri mpaka jua la pili litue, akaonja tena. Alipanga mawe njiani kwa ajili ya watakaomfuata. Nilikuwa na hakika kwamba hii ndiyo filamu ya mzee. Nikawaza, mtu aliyefanya vizuri mara sita ataharibu nini mara mbili?

Ijumaa nilikunywa maziwa nikatoa ripoti, na sauti yangu ilikuwa na furaha.

"Iko na maji, adeer. Hii iko na maji."

Mzee alisogea mbele. "Ile hukuona?"

"Nimeona yote."

Aliiangalia kwa Ijumaa nane, sehemu moja kila wiki, maana hakuweza tena kukaza macho kwa muda mrefu. Kufikia hapo aliona katikati tu, kama anayechungulia ndani ya bomba, na ilimbidi asogeze kichwa huku na huku ili kumfuata msichana kwenye kioo. Sehemu ya tatu, pale penye kuonja maji, mswaki ulisimama kwa mara ya tatu, na mimi nilijiona nimemlipa mzee kitu, nikaziacha zile mbili za mwisho nizione pamoja naye. Sehemu ya saba wote walishika bunduki. Sehemu ya nane msichana aliamka kitandani. Hakukuwa na sayari. Hakukuwa na majua mawili. Yote yalikuwa mchezo ndani ya kichwa cha mashine, na watu wake hawakuwa wamekwenda popote wala hawakuwa na kiu.

Majina yakapita. Mzee alikuwa bado amekielekeza kichwa kwenye kioo.

"Fundi. Ulifika mwisho?"

"Sikufika, adeer."

Alihesabu kwa vidole, polepole, vidole vinane. Mimi ningefurahi zaidi kama angenitukana. Mkewe alikuja akaondoa kikombe.

"Nakujua," mzee akasema. "Mimi bia sikufika."

Akanieleza. Alikuwa kijana, sahan yake ya kwanza, ametumwa safari ya siku tano. Siku ya tatu aliona wingu zito na radi upande wa anakokwenda. Akakutana na mpita njia, wakasalimiana, wakaulizana habari, na yule mtu akasema ndiyo, kule kumenyesha, majani mpaka magotini. Alikuwa na kiu na alitaka kuwa wa kwanza kuleta habari njema. Akageuza ngamia. Nyumbani alikunywa maziwa, akasema kuna maji, na hakusema kwamba kisima hakukiona. Jamaa zake wakafungua hema wakahama. Wingu lilikuwa limepita tu. Waliondoka na ngamia wengi wakafika na wachache, na mama yake aliondoka na mtoto mgongoni.

Hapo aliurudisha mswaki mdomoni. Sikumuuliza habari za yule mtoto.

"Mama hakunitukana," akasema. "Hata siku moja. Lakini kila safari nikirudi, mimi ni mtu mzima, nina ndefu, watu wananiamini, mama anakaa bale nyuma ya wanaume, anangoja wamalize kuuliza. Halafu anauliza yeye: ile hukuona? Mbaka amekufa anauliza hiyo."

Kwa hiyo swali lile halikuwa desturi ya kwao wote. Lilikuwa swali la mama yake, na yeye ndiye aliyelifanya desturi.

Baada ya siku ile nilipomtembelea nilipewa chai. Chai nzuri, yenye iliki, na heshima zote anazopewa mgeni, lakini maziwa hayakuletwa. Nami nikaanza kwenda kwa nadra. Nilijiambia ni kazi nyingi. Ilikuwa aibu tu. Nilikuwa nikimwona kutoka dukani, amekaa kizingitini na fimbo yake, anageuza uso kufuata sauti za maboza ya maji yanayopita, na siku moja nikang'amua kwamba hapepesi tena kope jua likimpiga. Macho yalikuwa yamekwisha, na kitu kikubwa cha mwisho alichokipa macho hayo kilikuwa uongo wangu.

Kisha juzi, baada ya zaidi ya mwaka, mkewe alisimama mlangoni pa duka.

"Fundi, mzee anakutaka."

Nilivuka. Alinisalimia kwa zile salamu ndefu, za nyumbani, za watoto, za Mwingi, za mvua. Kisha akasema amesikia redioni kuna filamu mpya inayosifiwa sana. Nchi imekauka, wametuma sahan, na safari hii sahan ni mwanamke mzee.

"Mimi siwezi kwenda," akasema, akagusa kope. "Nenda wewe. Uje useme."

Ijumaa asubuhi nilifunga duka. Sikushika waya wala bisibisi, nilikaa kwenye stuli nimenyooka kama anavyokaa yeye. Filamu ilikuwa kama zote. Vishindo, moto, watu wazuri wanaokimbia. Ilikuwa imebaki kama dakika kumi umeme ulipopotea mtaa mzima. Nilingoja. Adhana ya alasiri ikaadhiniwa, umeme haujarudi, na ng'ambo nikamwona mzee anatolewa kiti chake.

Nitasema nilichowaza, maana ndicho kilichofanya niandike haya. Niliwaza kwamba mwisho wowote ungefaa. Ningeweza kumwambia wanapigana mpaka mwisho, na pengine ni kweli, na yeye hana macho ya kunikamata. Niliwaza hivyo mpaka katikati ya barabara.

Mkewe alikuwa ameweka kikombe kwenye mkeka. Maziwa ya ngamia, yenye harufu ya moshi wa chombo kilichofukizwa. Niliyanywa mpaka chini, na hakuna aliyeniuliza kitu mpaka nilipomaliza.

Nikasema njia. Nikasema watu.

"Maji iko wabi?"

"Hakuna, adeer. Wanapigana sana." Nikavuta pumzi. "Lakini kuna dakika moja. Yule mama mzee anarudi kwenye chombo. Wote wamemzunguka mlangoni, wanamvuta nguo, wanamuuliza kama kuna nchi. Yeye anakaa chini kwanza. Halafu anawaambia: mlima wa pili sikuupanda, miguu ilinishinda, kwa hiyo msinisikilize kuhusu upande ule."

Mswaki ulisimama. Mkewe naye alikuwa amesimama mlangoni. Mzee aligeuza uso kunielekea, karibu kabisa na mahali nilipo.

"Hiyo umeona," akasema kwa sauti ya chini, "ama umenitengenezea?"

"Nimeona."

Aliinamisha kichwa. Ilikuwa kama vile mama yake bado amekaa nyuma ya wanaume, anamngoja. Kisha akaniuliza.

"Ile hukuona?"

"Mwisho," nikasema. "Umeme ulipotea. Dakika kumi sikuziona, adeer. Sijui kama walimsikiliza."

Uso wake ukafunguka taratibu, nikajua ameiamini ile dakika, na kwamba asingeiamini kama ningemwambia nimefika mwisho. Nililia, na sikujificha, ingawa mkewe alikuwa ananiona.

"Basi umeme ikirudi, rudi uone," akasema. "Sisi tunangoja habahaba."

Akamwambia mkewe anijazie maziwa ya njiani. Mama akaleta chupa, akaijaza mpaka shingoni, akaifunga vizuri kwa kitambaa, kisha akanikabidhi. Duka langu liko ng'ambo ya barabara, hatua thelathini hivi. Niliipokea kwa mikono miwili nikavuka.